Kichwa cha Punda wa Krismasi

Bi Deki alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa darasa la tatu, anabandua gundi iliyomwagwa na malaika wawili waliogombea bawa, shemeji yake alipoingia na viatu vyake vya matope akasimama palepale penye maji. Hakusalimia. Alivua kofia ya ulinzi akaishika kifuani kama mtu aliyekuja kuposa, akakohoa, akasema kwamba mwaka huu anaomba kichwa.

"Kichwa gani?"

"Cha punda, shemeji. Wewe ushike mkia."

Bi Deki alimtazama viatu, akamtazama uso, akarudi kwenye viatu. Akamwambia atoke kwanza kwenye maji, maana mtu hawezi kudai cheo huku anaharibu deki.

Sasa, asiyejua shule ile atasema hilo ni jambo la kucheka. Katika shule ile mitihani ikishakwisha na likizo bado haijafika, hapana kazi nyingine ila mchezo wa Krismasi. Walimu hujifungia ofisini wakisahihisha, watoto huachwa wakate makaratasi. Kila mtoto wa darasa la kwanza huwa kondoo, apende asipende, na kwa vile darasa hilo lina watoto kuliko madawati, kondoo huwa wengi kuliko wa kuwatazama. Malaika huvishwa mabawa ya maboksi, mapana hata hawapiti mlangoni ila kwa ubavu. Hayo yote ni ya watoto. Punda peke yake ndiye wa watu wazima, kwa sababu Maria humpanda kwelikweli, kutoka mlangoni mpaka Bethlehemu, na Bethlehemu iko mbele kabisa ya ukumbi, chini ya ubao wa kuandikia. Mtoto hawezi kumbeba mwenzake mwendo huo. Mwalimu naye hawezi kubeba, kwani akishapandwa na mwanafunzi mbele ya wazazi, muhula ukifunguliwa atamkaripia kwa mdomo gani? Basi tangu zamani punda hutolewa na wafanyakazi. Mbele ni Bi Deki, mfanya usafi. Nyuma ni mlinzi wa geti, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, ameinama, ameshika kiuno cha shemeji yake, na Maria juu ya mgongo wake.

Kichwa chenyewe Bi Deki alikishona kwa mkono wake. Ni gunia lililoshindiliwa matambara ya deki yaliyokwisha kazi, masikio ni ya kandambili, midomo ni ngozi ya mkoba aliotupa mwalimu wa hesabu. Alijua kukiinamisha kama punda aliyechoka, alijua kukigeuza kwa wageni kama punda aliyekumbuka jambo, na akifika Bethlehemu alikiinua, akakitikisa mara moja, masikio yakapiga pa! Hapo ukumbi mzima hupiga makofi. Mwaka mzima watu hao hao huruka ndoo yake bila kumwona mwenye ndoo. Hupita juu ya sakafu anayoifuta wakiongea habari zao, kana kwamba sakafu hujifuta. Siku hiyo moja humtazama. Kumnyang'anya kichwa ni kumrudisha chini ya meza pamoja na vumbi, na yeye alishaapa kwamba kichwa kile kitatoka mikononi mwake siku atakayotolewa yeye mwenyewe akiwa maiti, miguu mbele.

Lakini shemeji naye hakuwa na ulimi wa kitoto. Alisema miaka yote anabeba yeye, na anayepigiwa makofi ni mwingine. Alisema wanafunzi wakipita getini humwita Mkia. Wazazi wamejifunza. Juzi mtu mzima na suti yake alimwambia, "Mzee Mkia, nifungulie," naye akafungua, akakaa kibandani hata chai haikupita kooni. Tena mwaka ujao anastaafu. Hataki kuondoka duniani wala shuleni hajawahi kuwa mbele ya kitu chochote.

"Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba," alisema Bi Deki, akakamua tambara.

Mazoezi ya kwanza baada ya hapo, punda aliingia vizuri, akafika katikati ya darasa, halafu nusu ya nyuma ikaketi chini. Nusu ya mbele ikabaki imesimama. Maria aliteleza polepole mpaka akafika sakafuni, akatulia na mto wake tumboni. Maria huyo alikuwa mjukuu wa Bi Deki, mtoto wa mwanawe, kwa hiyo na shemeji naye alikuwa babu yake, na hakuona ajabu yoyote, maana nyumbani alishawaona hao wawili wakigombea kiti. Mwalimu alimsihi punda asimame. Mbele ikasema haina neno, aulizwe wa nyuma. Nyuma ikasema kutoka chini ya turubai kwamba mkia hauna mdomo, wasiusumbue. Kondoo wakacheka mpaka mmoja akajikojolea, na aliyeitwa kufuta ni Bi Deki, akafuta akiwa bado amevaa kichwa.

Nyumbani mkwe wake alijaribu kumtuliza. Akasema, mama, si punda tu? Bi Deki akamjibu kwamba mtu akisema "tu" ujue kitu hicho si chake. Akasusia chakula cha usiku, kisha akakila baadaye kikiwa kimepoa, ili isionekane ameshindwa na njaa.

Mwalimu mkuu alikuwa kijana mgeni, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na aliogopa ugomvi kama paka anavyoogopa maji. Kwa kila jambo aliunda kamati. Kwa hili akaunda Kamati ya Punda. Wazazi walikuja wengi kuliko siku ya kupewa matokeo. Fundi baiskeli mmoja alisema ipigwe kura. Akaulizwa nani wapige, kondoo? Mama mmoja akasema kichwa apewe mwenye shingo ndefu, watu wakaanza kutazamana shingo. Mwingine akasema anayebeba mzigo ndiye punda hasa, na wa mbele ni pambo, na hapo Bi Deki alisimama kutoka alipokuwa ameketi karibu na ndoo yake.

"Mie pambo?" alisema. "Basi pambo linakwenda zake. Mpelekeni mkia Bethlehemu peke yake, tuone kama atafika."

Shemeji akasema taratibu, bila kumtazama, kwamba yeye hataki kumvua mtu nguo. Anataka na yeye aonekane, basi. Mwalimu mkuu akajifuta jasho. Mwalimu wa dini akaulizwa kama maandiko yanakataza punda kuwa hivi au vile. Akafungua kitabu chake, akapekua, akapekua tena, akasema maandiko hayakutaja vichwa vya punda vilikuwa vingapi. Kusema kweli, akaongeza kwa sauti ndogo, hayakumtaja punda mwenyewe. Hilo la pili halikusikilizwa na mtu, maana mwalimu mkuu alishalidaka la kwanza kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani.

Ikaamuliwa, na waliokuwapo wakanyoosha mikono, kwamba punda wa mwaka huu atakuwa na vichwa viwili, kimoja kila upande, na mkia hautakuwapo kabisa. Pasipo na mkia hapana wa kudharauliwa. Wabebaji watasimama migongo ikielekeana, na kati yao litafungwa bao la dawati lililovunjika, Maria akae hapo, uzito ugawanywe kwa haki. Watu wakapeana mikono. Mwalimu mkuu karibu alie kwa furaha. Katika kamati nzima, wasomi na wasiosoma, hakuna aliyeuliza punda huyo atatembea kuelekea wapi.

Kichwa cha pili Bi Deki alikataa kukishona. Shemeji akakitengeneza mwenyewe kibandani kwake, kazi ya siku mbili kati ya kufungua geti na kulifunga, kwa boksi na gunia la saruji. Alipokileta siku yenyewe kikiwa kwapani, kilifanana na kiboko aliyepewa habari mbaya.

"Huyo kafia wapi?" aliuliza Bi Deki.

"Ni punda dume," shemeji alisema, akakivaa kwa madaha.

Wakafungwa bao viunoni ndani ya stoo ya mafagio, wakafunikwa turubai, Maria akapandishwa. Wakatoka barazani. Na hapo ndipo kazi ya kamati ilipoanza kujulikana, kwa sababu kila mmoja alianza kwenda mbele. Bao likawa linalia. Maria akashika masikio ya pande zote mbili asichanike katikati. Baada ya kuvutana kidogo waligundua kwamba punda wa namna ile huweza kwenda kwa ubavu tu, kama kaa, kwa kuwa ubavuni hakuna aliye mbele wala nyuma. Wakaenda hivyo baraza yote, wamepatana, hata wakafika penye mlango wa ukumbi.

Mlango haukukubali ubavu. Ndani wazazi walikuwa wameketi pande mbili, njia katikati, kondoo wametapakaa, Yusufu anangoja na fimbo yake, wimbo umeshaimbwa mpaka mwisho na umeanzwa tena. Wakatazama mlangoni, wakaona tumbo. Tumbo la turubai limejaa mlango mzima, Maria juu yake, na hakuna kichwa hata kimoja. Vichwa vyote viwili vilikuwa nje, kila kimoja upande wake wa ukuta.

"Ingia wewe kinyumenyume," alinong'ona shemeji.

"Nimeanza lini?"

"Basi tugeuke, mimi niwe huku."

"Geuka mwenyewe."

Wimbo ukaanzwa mara ya tatu. Mwalimu mkuu alikuwa anapunga mkono kule mbele kama mtu anayezama. Bi Deki alishika ukingo wa mlango kwa vidole, akajiambia hatatoka hapo, hata kama Krismasi itapita na mwaka mpya uwakute. Ndipo Maria alipoinama kidogo, akasema kwa sauti ile ya mtoto anayedhani ananong'ona, ukumbi wote ukasikia:

"Bibi, babu, mkichelewa nitazalia hapa mlangoni."

Watu walicheka mpaka viti vikasogea. Bi Deki hakucheka. Mtoto alikuwa ameufanyia mazoezi mchezo ule wiki zote, hata usingizini alikuwa anauliza kama kuna nafasi nyumba ya wageni, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Kugeuka, Bi Deki hakuweza. Anayegeuka amekiri kwamba alikuwa ameelekea kubaya. Lakini aliwaza upesi upesi, akaona kwamba kwenda kinyumenyume si kugeuka. Uso unabaki pale pale ulipokuwa. Ni miguu tu inayobadili nia. Akaachia mlango.

Punda akaingia, kiboko akitangulia. Hatua chache tu, kondoo mmoja akapiga yowe, halafu wa pili, halafu bawa la malaika likasikika likikunjika.

"Angalia unakokwenda," alisema Bi Deki chini ya turubai.

"Shemeji," alisema, "huku kuna giza."

"Si uangalie kwenye matundu?"

"Matundu yapi?"

Hapo Bi Deki alielewa, na kama si turubai angejishika kiuno. Mtu huyu alikuwa nyuma miaka yote hiyo, pua yake ikiwa mgongoni mwa mwingine, na hakujua hata siku moja kwamba kichwa cha punda kinaona. Alidhani wa mbele naye huenda vivyo hivyo, kwa kubahatisha. Ameunda kichwa, akakipa pua, akakipa meno ya kadibodi, macho ameyachora kwa mkaa.

Ilikuwa nafasi yake. Angesimama pale pale katikati ya watu, angesema neno moja kwa sauti, na Krismasi ijayo na nyingine zote hakuna kamati ambayo ingempa shemeji hata sikio. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akasikia kupitia bao, kiunoni, jinsi mzee yule anavyotetemeka. Akalimeza.

"Nenda polepole," akamwambia. "Mie naona."

"Unaona nini, na wewe umetazama nyuma?"

"Naona mlango. Ukikaa katikati ya macho yangu tumenyooka. Ukisogea, nitakwambia."

Wakaenda hivyo. Mlango ukienda kushoto kwake alisema kidogo huku, ukienda kulia alisema rudi, na nyuma ya kisogo chake alisikia kondoo wakihama njia, na Yusufu akitembea kando bila kujua ashike kamba ipi. Ilichukua muda. Lakini haukukanyagwa mguu mwingine, na mwishowe paji la uso la kiboko likagonga ubao wa kuandikia, tu!, chaki zikaanguka, na Bethlehemu ikawa imefikiwa. Maria akateremka mwenyewe, akapita moja kwa moja mpaka horini, akautoa mto, akazaa.

Ukumbi ukalipuka. Na kwa jinsi walivyosimama, mmoja alikuwa ameugusa ukuta kwa pua, na mwingine amewakabili watu wote, uso kwa uso. Bi Deki aliwaona kwa matundu yake mawili: fundi baiskeli amesimama juu ya kiti, yule wa suti anafuta machozi, mkwe wake amejiziba mdomo. Akakiinua kichwa, akakitikisa, masikio yakapiga pa.

"Shemeji," ikasema sauti kutoka upande wa ubao. "Wanapiga makofi?"

"Wanapiga."

"Wanampigia nani?"

Makofi hayakuwa yanapungua.

"Punda," alisema. "Wanampigia punda, shemeji."

Akasikia bao likivutika kiunoni, na turubai likasogea kidogo kuelekea mbele. Shemeji alikuwa anainama, anaushukuru ukuta.