Chetezo Kisicho na Moto

Mdogo wangu alipokaribia kuolewa, hapa kwetu Waa, pwani, hofu yangu ilikuwa moja: nisije nikatolewa chumbani mwake siku yenyewe. Mimi nina pumu, na kwetu bibi harusi hatoki mpaka nguo zake zifukizwe udi. Kwenye arusi ya jirani nilikohoa mpaka nyimbo zikasimama.

Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa somo wa bibi harusi, mwenye kumfunda, alipata hila. Siku ya kujaribisha nguo aliweka chetezo, chombo cha kufukizia udi, katikati ya chumba, kitupu, bila kaa hata moja, ili moshi usinidhuru, na pasionekane kama pa msiba kwa kukosa chetezo. Lakini hakuniambia. Nilipoingia tu nikakiona, kifua kikabana, nikaanza kupiga mluzi kama birika.

"Wee! Mbona hakina moto?" Shangazi akakipindua tuone. "Mwanangu, hiyo ni pumu au ni wivu?"

Wanawake waliokuwamo wakacheka. Nami nikacheka, pumzi iliporudi. Ila niseme haki, swali lake lilinikaa moyoni. Huenda miaka yote hii najisingizia?

Nikaenda zahanati ya Kombani. Daktari, binti wa bara, hakunicheka. Naandika nilivyoelewa, na shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo kosa likiwamo ni langu. Alisema mapafuni mna neva, na mna chembe za kinga, mfano wa walinzi. Neva huzungumza na walinzi hao: mara huwachochea, mara huwatuliza. Wakichochewa sana, njia za hewa huvimba. Na ubongo uliokwisha kuzoea kuumizwa na udi waweza kuzibana njia hizo hata moshi usipokuwapo.

"Kumbe ni uongo wangu?"

"Hapana, mama. Kubana ni kwa kweli. Dawa yako ya kuvuta usiiache."

Nilipomweleza shangazi, alipiga makofi. "Yaani walinzi wako wanasikiliza umbea!"

Lakini alitenda jema. Nguo alizifukiza kwake, akazianika upenuni mpaka harufu ikapungua, na chetezo akakificha. Siku ya arusi nilimfunga mdogo wangu vifungo vyote mimi mwenyewe, dawa imo mfukoni. Nilihisi udi kidogo, au nilidhani tu, sina hakika. Nikavuta pumzi, ikaingia. Nikapiga kigelegele.

"Haya," akasema shangazi akiziba masikio, "leo nyimbo zitasimama tena!"