Seba, Kipa Wetu wa Akiba

Mpaka sasa mkono unagoma kuandika "marehemu" mbele ya jina la Seba. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Nyie mnaonifuata humu kwa ajili ya picha za mpira wa kina dada, huyu ndiye aliyetuingiza uwanjani.

Tumemzika jana. Alibanwa na kifua akiwa kazini, akakimbizwa hospitali Mwananyamala, na kabla hatujapanga nani aende kumwona, grupu la timu likajaa vilio.

Mie ni mtu wa wasiwasi, mnanijua. Seba aliniita Bi Wasiwasi. Kabla ya kila mechi nilikuwa nauliza kama refa atatokea, kama mvua itanyesha, kama tutatimia. Yeye anacheka tu, ananiambia nifunge kamba za viatu. Leo hayupo wa kuniambia hivyo, na leo ndiyo naogopa kuliko siku zote.

Jioni hii tunakabidhi jezi. Kwa wasiojua, chuoni kwetu mchezaji mpya hapewi jezi mpaka asimuliwe timu ilikotoka na kina nani waliivaa jezi hiyo kabla yake. Msimuliaji siku zote alikuwa Seba. Alisoma pale, na alipomaliza akaajiriwa pale pale, ofisi ya michezo.

Alikuwa anaanzia mbali. Anaanza na kina mama wa netiboli, waliokuwa wakisomea ualimu, ambao ndio walioleta kombe la kwanza chuoni. Kombe lenyewe Seba alilikuta stoo, wamelitumia kuzuia mlango usijifunge. Alikasirika wiki nzima.

Anakuja kwa wakimbiaji, waliokuwa wakifanya mazoezi asubuhi Mabibo, wakipishana na malori ya ndizi yanayoingia sokoni. Hapo alikuwa anaiga mpaka kikohozi cha kocha wao, na wapya wanacheka hoi.

Akifika kwenye mpira wa miguu, sauti inashuka. Uwanja ulijengwa majengo, timu ikafa. Hakuna aliyefanya mitingi, hakuna aliyelia.

Aliyeifufua ni Seba, akiwa bado anasoma, ingawa hilo alikuwa analisema kwa kulipitia pembeni, "watu wakahangaika, timu ikarudi". Watu wenyewe ni yeye! Alipita hosteli za Mabibo akigonga mlango baada ya mlango, akiuliza nani anajua mpira. Akaenda kuomba kiwanja cha shule moja jirani. Mwalimu mkuu akakataa, Seba akarudi, akakataliwa tena, akarudi tena, mpaka yule mzee akachoka, akasema njooni lakini msinivunjie madirisha.

Waliyavunja. Seba akaenda kuomba msamaha, akatoka na ruhusa ya kutumia kiwanja hata siku za wiki. Sijui alisema nini mle ofisini.

Halafu tukaja sie wasichana. Hatukuwa na jezi, akatupa za wanaume, zikatufika magotini. Mechi ya kwanza tulifungwa mabao mpaka aibu, na yeye pembeni anapiga makofi kama tumechukua kombe. Siku ile nilimchukia kabisa.

Sasa wenzangu wamesema leo nisimulie mie, na kuna mahali pamoja tu ninapopaogopa. Kwenye masimulizi yote hayo kuna mchezaji mmoja hakuwahi kutajwa, naye ni yeye mwenyewe. Seba alikuwa kipa wa akiba. Miaka yote ya masomo yake alikaa benchi, hakuingia mechi hata moja. Tunaolijua hilo ni wachache.

Jana kule msibani Chang'ombe, mama yake alikuwa akiwaambia ndugu waliokuja kutoka Masasi kwamba mwanawe alikuwa kipa wa chuo. Anasema huku anajipiga kifua. Kisha akanishika mkono, akaniambia leo anakuja uwanjani, anataka kusikia jezi ya mwanawe ikisimuliwa.

 Nidanganye mbele ya wachezaji wapya, kwenye simulizi ambayo Seba hakuwahi kuitia chumvi? Au niseme kweli, nimvunje moyo mama ambaye hata machozi hayajamkauka? Chakula cha msibani kilinishinda.

Leo asubuhi nikajikaza, nikarudi Chang'ombe. Nikamwamkia mama, nikakaa naye mkekani, nikazunguka weee, nikauliza wageni wamelalaje, nikasifia na chai. Mwisho nikasema huku nimeangalia chini: Seba hakuwahi kudaka kwenye mechi.

Mama akajitengeneza kanga. Nikaona nimeua.

"Mwanangu, ile jezi nilikuwaga naifua mie," akasema. "Inatoka hapa safi, inarudi safi. Kuna kipa wa hivyo?"

Machozi yalinitoka palepale. Nikamuuliza mbona basi anawaambia watu vile. Akasema hajadanganya mtu, mwanawe alikuwa kipa wa chuo, na hakuna aliyemuuliza kama alicheza. Hata akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Akaniambia mwanzoni alimhurumia, akawa anangoja siku atakayochoka aache. Siku hiyo haikufika. Kila siku ya mechi alitoka nyumbani mapema, anaimba. "Kaseme ilivyokuwa," akaniambia, "ila usimpitie harakaharaka kama alivyokuwa anajipitia mwenyewe."

Seba, naandika haya kabla ya kwenda uwanjani. Najua nitachanganya miaka, nitasahau majina, na kile kikohozi cha kocha sikiwezi. Nyie mliocheza naye, njooni mnisaidie, tafadhali, msiniache peke yangu pale mbele.

Lakini nikiishika jezi ya kipa, kabla sijamkabidhi mtu, nitakutaja wewe kwa jina lako lote, polepole, na mama yako amekaa mbele anasikia.

Lala, kaka yangu. Leo benchi tunakaa sie, wewe unaingia.