Bwana Muhuri na Jitu la Darajani

Ofisini walimwita Bwana Muhuri, naye hakuona ubaya. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa karani wa masjala, chumba chenye makabati ya chuma hadi darini, na hakuna karatasi iliyotoka humo bila muhuri, tarehe na sahihi yake yenye mkia mrefu. Mkewe ni msusi. Huwasukia wateja sebuleni kwao, na mimi ni mmoja wao. Ndiyo maana haya nayajua. Mengi niliyasikia nikiwa nimeinamishwa kichwa, chanuo limechomekwa utosini.

Wana binti mmoja, mhandisi wa maji, aliyehamishiwa kikazi mji wa mbali. Kila Jumapili alipiga simu. Baba akipokea, mazungumzo yalikuwa, "Marahaba. Hujambo? Kazi? Haya, mama yako huyu hapa." Sekunde kumi na mbili. Mkewe aliwahi kumpima kwa saa ya ukutani.

Siku moja binti akamwambia baba yake kwamba ana mchezo anaoucheza mtandaoni na wenzake wawili, kila Jumamosi saa tisa mchana, na pamebaki nafasi moja. Wachezaji wanajifanya watu wa hadithi, yeye binti ndiye msimulizi. Kwenye kioo cha kompyuta kuna ramani, kila mtu ana kisanamu chake cha kusogeza, na mtu akitaka kufanya jambo la hatari anabofya dadu ya pande ishirini kuona kama amefaulu.

"Mchezo huo una kanuni?" baba akauliza.

"Unazo, baba. Kurasa mia mbili."

Hapo akakubali.

Alizichapisha zote, akazitoboa, akazitia kwenye faili na kulipatia namba. Mhusika wake alikuwa askari wa upanga, naye alimjazia fomu kwa wino mweusi. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mrithi, akaongeza mstari kwa rula.

Wenzake mchezoni walikuwa muuguzi, aliyejifanya mchawi, na fundi bomba, aliyejifanya mwizi. Walimwamkia vizuri, wakamwita mzee. Tatizo ni kwamba mzee hakujua kuzima maikrofoni. Mchawi na mwizi wakiwa wanavizia pango kimyakimya, ilisikika sauti, "Mama Mhandisi, soksi zangu za kijivu umeziweka wapi?" Sisi wateja sebuleni tulicheka hadi mkewe akatukanya tutulize vichwa. Haikupita muda, kila mteja akawa anaomba zamu ya Jumamosi saa tisa.

Wiki ya tatu dadu ilimpa moja mara tatu mfululizo. Moja ndiyo mbaya kuliko zote. Upanga ulimponyoka, akajikwaa, kisha akamkata mchawi wao sikio. Jumatatu binti akapokea barua: "Yah: Malalamiko dhidi ya dadu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Aliomba dadu ichunguzwe na kamati ya watu wasiopungua watatu. Binti alimjibu kwa barua pia, kwamba kamati imekaa na dadu imepewa onyo.

Basi wakafika kwenye daraja la jitu. Siku hiyo nilikuwa kitini, nimesukwa nusu. Jitu lilikuwa limeziba njia, nalo binti alilisemea kwa sauti nzito ya kukwaruza. Muuguzi akashauri wazunguke kwa chini. Bwana Muhuri akakataa. Akasogeza kisanamu chake hadi puani pa jitu, akasema, "Nani amekuruhusu kukaa hapa? Nionyeshe kibali."

Jitu likamtupa mtoni.

Askari akawa amezirai, na kwa kanuni hakuweza kucheza mpaka wenzake wamwopoe. Bwana Muhuri akavua miwani, akaenda jikoni kuchemsha chai, akigonga masufuria kuliko ilivyohitajika. Kompyuta ikabaki inaongea peke yake: jitu linanguruma, fundi bomba anauliza nini kifanyike.

Mkewe akaniacha. Akaenda mezani na mafuta ya nywele mikononi, akainama mbele ya kioo.

"We jitu," akasema taratibu, "nani kakuudhi?"

Binti akalegeza ile sauti yake nzito. Kisha jitu likajibu, kwa unyonge, "Hakuna."

"Mtu hakai darajani mchana kutwa bila kuudhiwa. Umekula?"

Baada ya robo saa tulijua kila kitu. Jitu lilikuwa limegombana na dada yake kuhusu nyumba ya mama yao, na lilikuwa halijalala siku nne. Muuguzi akalichemshia dawa. Fundi bomba akaenda kumwopoa askari. Jitu likawavusha wote mgongoni, na Bwana Muhuri aliporudi na kikombe chake alikuta wako ng'ambo, wanamshangilia mkewe.

"Hii ipo ukurasa gani?" akauliza.

Jumamosi iliyofuata alienda ofisini. Alisema ana mafaili ya kupanga, jambo ambalo mkewe alilipokea kwa kukohoa tu. Saa kumi simu yake ikalia.

"Baba, umeninunia?"

"Mimi? Nina kazi."

"Leo tumeahirisha. Bila wewe hainogi."

"Mama yako si yupo? Anajua kuongea na majitu."

"Mama naongea naye vya kutosha kila Jumapili, baba. Wewe nilikuita kwa sababu kwenye simu sisi hatuna la kusema. Mle mchezoni unaniambia mambo. Juzi umebishana na mimi saa nzima juu ya upana wa mto."

"Ulikosea upana wa mto," akasema.

"Ndiyo hivyo. Endelea."

Akaendelea. Mkewe ndiye aliyenisimulia, maana mazungumzo alihadithiwa na binti, na mengine alimwuliza mlinzi wa ofisi: mzee alitembea huku na huku kwenye korido dakika arobaini, simu sikioni, akichora mto hewani kwa kidole.

Jumamosi nyingine alirudi mezani. Mkewe akapewa kisanamu chake, tabibu anayeingia mchezoni akiwa hana mteja wa kusuka. Mzee naye akajifunza kuchora ramani kwenye ile programu, na kwa mara ya kwanza akaomba awe msimulizi. Aliwapeleka kwenye jumba la mawe lenye madirisha saba, kila dirisha linawatuma dirisha jingine, na kwenye la saba kuna kibao: "Mhusika ameenda kula." Fundi bomba aliapa kwamba hakuna zimwi lililowahi kumtesa namna ile.

"Hili umelibuni vipi, baba?" binti akauliza, akicheka mpaka sauti inakatika.

"Sikubuni kitu," akasema. "Haya, mnasubiri au mnarudi kesho?"

Wakachagua kusubiri. Walisubiri hadi saa kumi na mbili, mzee akiwasimulia habari za watu waliokuwa kwenye foleni mbele yao, mmoja mmoja: nani alikuwa nyuma ya nani, amekuja kutafuta nini, na amevaa viatu gani.