Siku Niliyoikimbiza Damu Yangu

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha maabara hapa Tabora mwalimu wetu, mama mpole mwenye miwani, alipotaka tuone kwa macho yetu mazoezi makali yanavyoifanya damu ya kijana igande upesi. Asubuhi alitutoboa vidole, akaweka tone kwenye kioo, akawa analivuta kwa ncha ya sindano huku akitazama saa, mpaka utokee uzi mwembamba. Hapo damu imeganda. Akaandika muda wa kila mmoja, kisha akasema, "Sasa kimbieni mpaka njia panda ya Kipalapala mrudi. Msitembee!"

Nilijitapa kuliko wote. Tulipogeuka njia panda kurudi chuoni nilikuwa wa mwisho, nahema kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Nyuma yangu akaja mzee na baiskeli yenye gunia la viazi vitamu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani anakufukuza?"

"Mwalimu. Anataka kupima damu yangu."

"Ndiyo maana unaikimbiza?"

Nikamwomba lifti. Akacheka, akanipakia juu ya gunia. Raha ilidumu kidogo sana, maana tulifika kwenye mchanga, tairi likazama.

"Shuka, sukuma."

Nikasukuma. Mzee hakushuka. Kila nilipopunguza mwendo aligeuka: "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, wewe viazi tu vinakutoa machozi?" Nilitaka kumjibu kwamba babu zangu hawakumbeba na mwenye mzigo, lakini pumzi sikuwa nayo. Nilimsukuma mpaka karibu na geti la chuo. Akanipa kiazi kimoja, akaenda zake.

Mwalimu akanitoboa kidole palepale. Sindano haikuvutwa mara nyingi, uzi ukatokea, mapema kuliko wangu wa asubuhi na kuliko wa wenzangu wote.

"Huyu ndiye aliyekimbia kwelikweli!" alisema.

"Mwalimu, huyo alipanda baiskeli!" likapiga kelele darasa zima. "Tumemwona!"

Ikabidi nieleze yote, hadi kiazi. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho.

"Damu haiulizi ulikimbia au ulisukuma," alisema alipotulia. "Imeona moyo unapiga kwa nguvu, ikajiandaa kuziba jeraha. Ila tone moja la mtu mmoja si ushahidi, msije mkaandika kwenye mtihani kwamba viazi vinagandisha damu. Na kwa kijana mzima msiogope, mwili unaogandisha ndio huohuo unaoyeyusha."

Kisha akachukua daftari la majaribio, na mbele ya jina langu, kwenye safu ya aina ya zoezi ambako wenzangu wote waliandikiwa "mbio", akaandika: "babu."