Siku Nilipomfunga Dereva wa Waziri

Padri Mwitaliano alipostaafu na kurudi kwao, aliiachia parokia yetu ya Ruiri televisheni, deki na kanda moja ya filamu. Mimi aliniachia kitabu cha sarufi. Nilijisomea Kiitaliano miaka miwili, nikirudia kila zoezi hadi lisiwe na kosa. Jumapili moja baada ya misa nikaombwa niwatafsirie watu filamu ile.

Ilihusu waziri aliyekula pesa za daraja. Daraja likaanguka, akashtakiwa dereva wake. Kizimbani dereva alizungumza haraka mno. Nilidaka mwanzo tu, kwamba alitia sahihi karatasi ya kukiri, nikatangaza, "Amekubali kosa." Yaliyofuata yalinipita, na niliona aibu kusema hivyo. Dereva akafungwa. Mwishoni waziri na hakimu wakaonekana mezani wakikata nyama na kucheka.

"Wanakula faini," nyanya yangu akaeleza benchi la mbele. Kwetu kesi ikiisha, mbuzi wa faini huliwa na wote, hata aliyemtoa. Watu wakapiga makofi.

Lakini pale mezani waziri alizungumza polepole, nami nikaelewa kila neno: dereva alitia sahihi kwa sababu walikuwa wamemshika binti yake.

Watu walikuja kunishika mkono, wakiniita mwalimu. Hakuna mwingine aliyejua Kiitaliano. Ningenyamaza, ningebaki mwalimu.

"Dereva hakuwa na kosa," nikasema. "Nilitafsiri vibaya."

"Kumbe umemfunga mtoto wa wenyewe?" nyanya akauliza. "Na vile nimemwombea huyo hakimu."

"Huyu ni mbaya kuliko hakimu," katekista akasema. "Yule angalau alilipwa."

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikajikuta nikicheka na machozi yakinitoka. Kesi yangu ilisikizwa palepale. Nilitozwa jogoo wangu wa pekee, na kutafsiri upya Jumapili iliyofuata.

Safari hiyo nilisema "hapa sijui" mara saba. Hakuna aliyetoka. Waziri alipokaa mezani na hakimu, walizomewa hadi sauti ya televisheni ikapotea.

Kisha jogoo akaletwa pamoja na mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa. Nyanya alichagua firigisi, akaniwekea mkononi.

"Kula," akasema. "Kesi imeisha."