Tundu la Tatu

Barua ilipofika karakanani, Fundi Kipimo alikuwa amelala chali chini ya geti la mteja, kwa hiyo mkewe ndiye aliyeifungua. Aliisoma mara mbili, kisha akamgusa mumewe mguu kwa ncha ya kiatu.

"Baba watoto, toka huko chini. Wameandika kwamba umekiuka hataza. Huyo Hataza ni nani?"

Fundi alitoka, masizi uso mzima, akaapa kwamba hajawahi kukutana na mwanamke wa jina hilo. Kama angekuwa amemtengenezea hata dirisha, vipimo vyake angevikumbuka. Mkewe akajibu kwamba ni vipimo hivyo hivyo vinavyomtia wasiwasi.

Aliyewanusuru ni shemeji, mdogo wa mkewe, wakili ambaye hata mwaka hajamaliza kazini. Aliwaeleza kwamba hataza ni haki ya mvumbuzi: serikali humwandikia kwamba kitu alichokibuni, asikitengeneze mwingine bila ruhusa yake. Kampuni moja yenye jengo la vioo ilikuwa imejipatia hataza ya mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi, ile ile ambayo Fundi alikuwa akiiunda kwa miaka kumi na mmoja na ndiyo iliyowalisha watoto wake watatu. Sasa walitaka mahakama imkataze asiiguse tena.

"Yaani nimeiba mashine yangu mwenyewe?"

"Kwenye karatasi, ndiyo, shemeji."

Wakili akatandaza mezani michoro ya kampuni. Kitu kimoja kilimtatiza: kitako cha mashine kilikuwa na bolti mbili lakini matundu matatu. Alipouliza la tatu ni la nini, Fundi aliomba maji ya kunywa, akayanywa polepole, akasema hajui.

Alijua sana. Alipounda mashine ya kwanza alitoboa mahali pasipo pake, akatoboa tena pembeni. Kwa kuwa hakuwa na bamba jingine, lile lile alilifanya kielelezo cha kutobolea mashine zote zilizofuata, na mkono ukazoea. Wateja walipouliza, aliwajibu, "Huo ni utaalamu." Angesema nini tena? Jina la Kipimo alilipata kwa kupima kila kitu, hata kiti kabla ya kukikalia, na watu walimletea kazi kwa kuamini kwamba hakosei hata kwa unywele.

Siku ya kesi, mhandisi wa kampuni alisimama na tai yake, akaeleza kwa kirefu jinsi alivyoibuni mashine hiyo tangu mwanzo. Tundu la tatu, alisema, hupitisha hewa ili kupoza kitako. Jaji aliitazama mashine, ambayo ilizungushwa kwa mkono na haikuwahi kupata joto tangu iumbwe, akaandika kitu. Kisha akamgeukia Fundi.

"Na wewe, tundu lako la tatu lina kazi gani?"

Nyuma walikaa wateja wake. Alikuwapo pia fundi jirani, yule wa ng'ambo ya barabara, aliyefunga karakana yake makusudi aje kutazama. Fundi Kipimo alijua kwamba akisema ni utaalamu, watakuwa wataalamu wawili, na mwenye karatasi ni mmoja.

"Mheshimiwa, nilikosea."

"Ulikosea kiasi gani?"

"Upana wa kidole."

Jirani alicheka mpaka akatolewa nje. Fundi hakugeuka. Alitoa mfukoni lile bamba kuukuu, na jaji akaagiza liwekwe juu ya kitako cha mashine ya kampuni. Matundu yote matatu yalilingana sawasawa. Hapo wakili akaleta picha ya harusi ya dada yake na Fundi, yenye muhuri wa duka la picha wa tarehe ya miaka kumi iliyopita: mama mkwe amesimama kando ya zawadi aliyopewa, mashine iliyofungwa utepe, na tundu linaonekana. Hataza ya kampuni ilikuwa na miaka miwili tu.

Jaji alimwuliza mhandisi imekuwaje akosee mahali pale pale alipokosea mtu asiyemjua. Safari hii mhandisi ndiye aliyeomba maji.

Kesi ikatupwa, na hataza ikafutwa kwa kuwa mashine haikuwa kitu kipya.

"Kwa hiyo sasa hataza ni yangu," Fundi alisema kwenye ngazi za mahakama.

Shemeji alijikuna shingo. Alieleza kwamba kwa Fundi pia muda ulishapita. Mashine iliyouzwa hadharani miaka yote hiyo ni ya kila mtu.

"Kila mtu?"

"Hata yule aliyetolewa nje, shemeji."

Wiki haikuisha kabla jirani hajaanza kuziunda. Fundi Kipimo alimtazama kutoka mlangoni kwake siku mbili, ameuma meno. Siku ya tatu alivuka barabara. Mkewe alipomfuata na chakula, alimkuta amepiga magoti katika karakana ya mshindani wake, futi mkononi, akimfokea mwenyeji kwamba pipa la mashine limekaa upande.

"Baba watoto, unamfundisha huyu akunyang'anye wateja?"

"Mama, weka hicho chakula chini," alisema bila kuinua kichwa, "unishikie hapa, lisije likapinda tena."