Kila Ijumaa Sista Huniuliza Kama Tumepiga Picha

Admin, nifichie jina, maana Karatu ni ndogo na nusu ya watu wake wako humu kwenye ukurasa wako.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, Mwiraqw, nina mke na watoto wawili. Ni mtu wa kompyuta katika kituo cha afya cha misheni ambacho sitakitaja. Tunaishi nyumba za wafanyakazi, hatua chache kutoka chumba cha mashine, na siku hizi taa ikicheza tu nyumbani kijiko kinanidondoka mkononi. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Ili mnielewe lazima nianzie kwa kampuni. Nikiwa chuoni Arusha, mwalimu alitusimulia habari za kampuni moja ya ng'ambo iliyoanzishwa na watu wachache wenye wazo ambalo wenzao waliliona la ajabu: kwamba kompyuta moja inaweza kubeba kompyuta nyingine ndani yake, tatu, nne, kila moja ikijiona iko peke yake. Programu yao ikaenea dunia nzima. Niliipenda kampuni hiyo kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Nilipoajiriwa nikachukua toleo lao la bure, nikaliweka kwenye mashine moja tuliyopewa na wafadhili, nikajenga humo kompyuta tatu: ya mapokezi, ya maabara na ya faili za wagonjwa. Mzee wa masjala alinung'unika, nikamcheka. Mwaka wa pili huu hatuandiki kadi za karatasi.

Kisha kampuni ikauzwa. Ikanunuliwa na kubwa kuliko yenyewe, baadaye ikauzwa tena, na kila mara barua pepe ilisema wateja tusiwe na wasiwasi. Safari ya mwisho toleo la bure likaondolewa. Niliona aibu kumwambia Sista mkuu, maana ni mimi niliyeisifia mpaka mate yakanikauka. Nikaweka toleo la majaribio kimyakimya. Muda wake umekwisha, na nimewaandikia kuomba kibali kipya mara nne bila jibu. Maana yake ni hii: kompyuta zinazowaka zitaendelea kuwaka, ila ikizimika hata moja haitakubali kuwashwa tena.

Mtaniuliza, si una nakala? Hapo ndipo penye kidonda. Programu ile inaweza kuhifadhi kompyuta ilivyo kwa saa hiyo, ili ukikosea urudi nyuma. Mimi hifadhi hiyo niliiita "picha", na Sista akalipenda neno. Kila Ijumaa baada ya sala ya asubuhi ananiuliza, "Mwanangu, tumepiga picha?" Namjibu, "Tumepiga, Sista," naye anaweka alama kwenye daftari lake. Wageni wakija ananitambulisha kuwa mimi ndiye mpiga picha wa kituo.

Wiki iliyopita nesi mmoja, dada wa Kimaasai kutoka Malambo, alikuja kuuliza mbona kompyuta zimekuwa nzito. Akaniuliza hizo picha zinakaa wapi. Nikamwonyesha mashine.

"Humo humo?"

"Humo humo."

Akaigonga mashine kwa kidole. "Kaka, nyumba ikiungua na picha yake iko ukutani, si vinaungua vyote?"

Nilicheka. Alipotoka nikafungua kuangalia. Picha zile si nakala kabisa. Kila moja inaegemea iliyo nyuma yake, peke yake haiwezi kurudisha kitu, na zimejazana hadi mashine imebakiwa na nafasi kidogo sana. Kumbe kila Ijumaa niliyodhani nawalinda wagonjwa, nilikuwa naipakia mashine mzigo. Nilijaribu kuhamishia faili kwenye laptop yangu, zikafika nusu, kila kitu kikaganda na mapokezi wakaanza kuniita. Nikaacha.

Sasa Jumatatu Sista akatangaza kikaoni kwamba Jumamosi hii mafundi wanabadilisha nyaya na jenereta, umeme hautakuwepo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Betri yetu haimalizi nusu saa. Akanigeukia mbele ya watu wote. "Kwetu hakuna shida, eti? Picha zipo."

Nikasema, "Hakuna shida, Sista." Mdomo ulijisemea wenyewe.

Nesi, ambaye nilishamweleza yote siku ile mashine ilipoganda, alinisubiri nje. "Mwambie kabla ya Jumamosi, kaka. Tukijua mapema tutakaa wote tunakili faili kwa mkono, hata za wagonjwa wa dawa za kila siku tu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Najua anasema kweli. Jana alikuja mama mmoja kutoka huko ndani Ngorongoro na binti yake mwenye kifafa. Kiasi cha dawa za huyo binti kimebadilishwa mara tatu. Daktari alipouliza anameza ngapi, mama alijibu, "Mimi sijui kusoma, daktari. Iko kwenye kompyuta yenu." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilirudi chumba cha mashine nikakaa chini sakafuni.

Mke wangu anasema ninyamaze, niombe Mungu, huenda ikawaka. "Ukifukuzwa tunakwenda wapi na watoto hawa, baba watoto?" Na kuna sauti nyingine inaniambia nisubiri Jumamosi ipite, kisha niwasingizie mafundi wa umeme. Hiyo ndiyo inanitisha kuliko zote, kwa sababu najiona naweza kuifanya.

Ndugu zangu, msinitukane, nimeshajitukana ya kutosha. Kama yupo humu aliyewahi kukiri kosa la kazi mbele ya mtu aliyemwamini kama mwanawe, anisaidie tu alianzaje, alitamka neno gani la kwanza. Leo ni Alhamisi. Kesho baada ya sala Sista ataniuliza kama tumepiga picha, na kalamu itakuwa tayari mkononi mwake.